Makabrasha ya Profesa: shajara ya mradi, Tanga

7 Januari

Kazi imeanza leo. Profesa amestaafu, amerudi kwao Tanga, na chumba cha uani cha nyumba yake ya Chumbageni kimejaa vitu alivyokusanya tangu ujanani: majalada, kadi za maelezo ndani ya makopo ya biskuti, kaseti, ramani, na madaftari ya safari za utafiti. Ni mwanahistoria wa vita. Amefundisha chuo kikuu sehemu kubwa ya umri wake, nami nilipita mikononi mwake Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya kuja kufundisha historia sekondari hapa mjini.

Tumekubaliana mambo mawili. Kila kilichomo chumbani kiorodheshwe na kinakiliwe, nakala moja ibaki Tanga na nyingine iende chuoni. Halafu niandike maelezo ya kazi yake: alisoma nini, alitafiti nini, na kilichomsukuma ni nini. Nilipomuuliza angependa yaanzie wapi, alinyamaza kidogo, akasema: "Usinisifu, mwanangu. Andika nimeuliza nini, nani alinijibu, na lipi bado linaninyima usingizi."

Basi hiyo ndiyo njia nitakayoifuata. Humu nitaandika pale tu kitu cha maana kinapopatikana.

14 Januari

Tumeanza na kadi. Kila moja ina neno kwa herufi kubwa kwenye kona ya juu: CHAKULA, VIATU, MBUNG'O, RELI, CHUMVI, MISHAHARA, WAKE WA ASKARI, MAZISHI. Majenerali nao wamo, lakini mafungu yao ni membamba. Chumvi peke yake ina kadi nyingi kuliko Smuts, jenerali wa Waingereza.

Mtu akitaka kuielewa kazi ya Profesa, aanze na makopo haya. Wengi walioandika juu ya Vita Kuu ya Kwanza katika nchi yetu waliandika habari za Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, na namna alivyowakwepa Waingereza tangu 1914 hadi alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Profesa anaijua habari hiyo kwa tarehe na saa. Lakini swali lake ni jingine: jeshi lililotembea miaka minne porini lilikula nini, na kichwa cha nani kilibeba?

Kadi tunazipiga picha mbele na nyuma. Nyuma ndiko anakoandika mashaka yake.

25 Januari

Jioni ndefu barazani, Mama akituletea kahawa na kashata, Profesa akieleza namna alivyoingia katika fani hii. Nayaandika kwa kirefu kwa sababu hayamo katika wasifu wake wa kikazi, ambao umejaa vyeo na miaka tu.

Alifika Mlimani miaka ya sabini. Mwaka 1968 idara ya historia ilikuwa imeanza kuwatuma wanafunzi kwenda kusini kukusanya simulizi za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kwa wazee waliovishuhudia, na ripoti zile zilikuwa bado zinasomwa alipofika yeye. Anasema zilimfungua macho: mzee asiyejua kusoma alikuwa shahidi sawa na gavana aliyeandika barua kwenda Berlin, na wote wawili walistahili kuhojiwa kwa ukali uleule.

Kisha mwaka 1978, mwezi wa kumi, majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera. Profesa alikuwa kijana aliyekwisha pita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Akaitwa, akapangiwa ugavi. Hakuona mapigano makubwa, aliona magunia. Malori ya watu binafsi na ya mashirika yalikuwa yamechukuliwa kwa ajili ya vita, mengine bado yana majina ya wenyewe mlangoni, na kazi yake ilikuwa kuhesabu unga, maharage na masanduku ya risasi yanayopanda na kushuka. Novemba ile daraja la Kyaka lililipuliwa na askari wa Amin. Upande huu wa Mto Kagera kukawa na jeshi linalongoja kuvuka, na nyuma yake kuna tumbo la jeshi hilo, nalo linangoja.

"Ukisoma vitabu utakuta wanajeshi wetu walivuka mto, wakasonga mbele, na Aprili 11 mwaka 1979 wakaingia Kampala," alisema. "Yote ni kweli. Lakini mimi najua kila hatua ile ilikuwa na gunia nyuma yake, na gunia lina mtu chini yake. Nikarudi chuoni nikitaka kumtafuta yule mtu wa chini ya gunia katika vita vyote vilivyopita hapa kwetu."

Shahada ya uzamili ikawa juu ya wapagazi. Ya udaktari pia. Uingereza alikaa miezi mingi katika hifadhi ya nyaraka ya Kew akisoma shajara za vita za vikosi, zile za mfululizo wa WO 95, kurasa ambazo maofisa walijaza kila siku wakiwa uwanjani. Wenzake walitafuta humo mapigano. Yeye alinakili safu za pembeni: wagonjwa wangapi, posho imefika au haikufika, wapagazi wametoroka.

8 Februari

Kaseti. Hapa tunakwenda polepole, na hatuna haraka.

Nyingi zilirekodiwa mwanzoni mwa miaka ya themanini huko Muheza, Korogwe, Handeni, Pangani na Lushoto, kwa wazee waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita. Hewa ya bahari haikuzihurumia. Ukiinua kaseti kwenye mwanga unaona ukungu mweupe umejikusanya ukingoni mwa utepe. Kaseti ya namna hiyo haichezwi hivihivi, maana ukungu unahamia kwenye kichwa cha redio na kuambukiza nyingine. Tunafungua parafujo zake tano ndogo, tunatoa gurudumu zote mbili kwa uangalifu, tunapangusa ukingo kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, tunahamishia utepe kwenye ganda jipya, halafu tunauzungusha kwa mkono kwa kalamu ya risasi kutoka mwanzo hadi mwisho ili uachane palipogandana. Ndipo inachezwa, mara moja tu, huku kompyuta ikirekodi. Kijana fundi wa redio wa Ngamiani ndiye anayetusaidia, na mkono wake umetulia kuliko wangu.

Faili linapewa jina la kijiji, tarehe iliyoandikwa kwenye ganda, na upande wa kaseti. Kijana alitaka kusafisha kelele kwa programu yake: jogoo, kinu kinachotwangwa, mtoto anayelia. Profesa akakataa. Anataka hata kimya kibaki. Mzee akiulizwa nduguye aliishia wapi, akanyamaza nusu dakika kabla ya kujibu, ile nusu dakika nayo ni ushahidi.

Leo tumemsikiliza bibi mmoja wa Bonde. Sauti nyembamba, haina haraka. Anasimulia kwamba Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma walichukua mahindi na wanaume, na Waingereza walipofika wakachukua mahindi yaliyobaki na wanaume waliobaki. Anawataja mmoja mmoja, na kila jina analifuatisha na shamba la mtu huyo, lilikuwa wapi na nani alilima baada yake. Profesa kijana, ndani ya kaseti, anasema "ehe" na "naam, bibi" na hamkatizi hata mara moja. Nimeamua kuwasikilizisha wanafunzi wangu mazungumzo haya wakifika kwenye mada ya masimulizi.

22 Februari

Tumetembea uwanja wa vita wa Tanga, Profesa, mimi na baadhi ya wanafunzi wa kidato cha tatu. Yeye alikuja kwa bajaji hadi Ras Kazone, kisha akatembea na fimbo yake.

Watoto wa Tanga wanavijua vita hivi kwa sababu ya nyuki. Profesa hawakatalii. Mizinga ilikuwa mitini, risasi ziliivuruga, na nyuki wakawavamia watu wa pande zote mbili. Baadaye ikazuka hadithi kwamba Wajerumani waliwatega makusudi. Alichofanya ni kuwasimamisha watoto ufukweni na kuwataka wawe askari wa Kihindi wa jeshi la Waingereza kwa dakika chache.

Mmeondoka Bombay katikati ya Oktoba 1914. Mmekaa melini wiki mbili na zaidi, mmebanana, mnatapika. Wengi wenu hamjawahi kufanya mazoezi pamoja. Mkubwa wenu, Meja Jenerali Arthur Aitken, ana watu kama 8,000 na anaamini Waafrika walio mbele yenu watakimbia. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox inatangulia bandarini, nahodha wake Caulfeild anamwambia mkuu wa wilaya, Auracher, kwamba makubaliano ya kutoshambulia mji yamefutwa, na anampa saa moja ajisalimishe. Auracher anaondoka, anapeleka simu Moshi kwa Lettow-Vorbeck, anavaa sare. Manowari nayo inaanza kutafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwapo. Usiku mnashushwa hapa Ras Kazone, gizani, kwenye mwamba na mikoko.

"Sasa niambieni," akawauliza, "kutoka saa ile hadi mapambano makubwa ya tarehe 4, nani alikuwa anafanya kazi upande wa pili?"

Mtoto mmoja akajibu: reli. Profesa alifurahi waziwazi. Ndiyo, reli. Njia ya Usambara ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na ilikuwa imekwisha fika Moshi kabla ya vita. Mjini kulikuwa na askari wachache tu, lakini treni zilileta kombania baada ya kombania, na waliofika wakapangwa upande wa mashariki wa mji, mahali reli ilipochimbiwa chini ya usawa wa ardhi, ikawa handaki lililo tayari. Asubuhi ya tarehe 3 Waingereza walijaribu wakarudishwa. Usiku ule Lettow-Vorbeck mwenyewe aliwasili, akapanda baiskeli akaenda kuchungulia hadi karibu na ufuko. Wanafunzi walipenda sana hilo, na mji wetu huu wa baiskeli una haki ya kulipenda.

Tarehe 4 mchana, jua kali, watu 8,000 kasoro waliobaki ufukweni walipita mashamba ya mpira na mahindi kuelekea mjini, hawaonani. Baadhi ya vikosi vilivunjika. Wengine, Walancashire na Wakashmiri, waliingia mjini kweli na kupigana nyumba kwa nyumba. Kisha ubavu wao wa kushoto ukapigwa, wakarudishwa, na tarehe 5 wakapanda meli zao wakaacha nyuma bombomu, yaani bunduki za rashasha, mamia ya bunduki za kawaida na shehena kubwa ya risasi. Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea.

Tukapita kwenye makaburi. Upande wa Wajerumani alikufa siku ile Tom von Prince, aliyeitwa Bwana Sakarani, ambaye miaka ya 1890 alipigana na Wahehe wa Mkwawa. Profesa hakukaa sana hapo. Aliwaeleza watoto kwamba mwanahistoria wa vita anasoma makaburi kwa macho mawili, moja linasoma aliyeandikwa na jingine linamtafuta ambaye hakuandikwa, kisha akaomba maji ya kunywa. Jua lilikuwa limepanda.

9 Machi

Ramadhani. Mchana kazi ni kidogo. Tunakutana baada ya tarawehe na kusoma hadi karibu na daku.

Jalada la usiku huu ni la somo alilolifundisha miaka mingi, juu ya namna ya kumwamini na kutomwamini shahidi. Mfano wake mkuu ni Richard Meinertzhagen, ofisa wa ujasusi aliyekuwapo Tanga, ambaye baada ya kushindwa alitumwa pwani na bendera nyeupe kwa ajili ya majeruhi. Shajara yake ina kila kitu ambacho msomaji anataka: matusi kwa majenerali, maneno makali, picha zilizo hai. Ndiyo maana imenukuliwa mno. Lakini katika elimu ya ndege Meinertzhagen amethibitika aliiba vielelezo vya makumbusho na kuandika uongo kuhusu vilikopatikana, na watafiti wameonyesha kwamba shajara zake nazo si za kuaminiwa kama zilivyo, kwa kuwa alizipiga chapa upya. Profesa aliwazuia wanafunzi wake kumnukuu pasipo shahidi wa pili. Ilikuwa sheria, na aliyeivunja alirudishiwa kazi yake.

Upande wa Wajerumani shida ni nyingine kabisa. Nyaraka nyingi za jeshi lao ziliteketea Potsdam ilipopigwa mabomu Aprili 1945. Kwa hiyo mtafiti wa Kitanzania anayetaka kumjua askari wa Mjerumani analazimika kumtafuta kwingine: kwenye mafaili ya kiraia yaliyobaki Dar es Salaam, kwa wamisionari, kwa wajukuu. Mbondei aliyezaliwa Zanzibar, Martin Kayamba, aliyefungwa Tabora na Wajerumani wakati wa vita na baadaye akawa karani hapa Tanga, aliacha maelezo ya maisha yake. Profesa ana kadi nene za Kayamba.

Na tenzi. Hapa macho yake huwaka. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi (Wajerumani) kutamalaki Mrima (pwani yetu hii), mwaka 1307 wa Hijria, yaani vita vya Abushiri bin Salim aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi, alikuwa kadhi hapahapa Tanga. Profesa anashikilia kwamba huo ndio mwanzo wa historia ya vita iliyoandikwa kwa Kiswahili katika Mrima hii: ina majeshi, ina majina, ina sababu, na ina msimamo. Ameufundisha katika darasa la historia, si la fasihi tu, na kwa hilo alibishana na wenzake miaka mingi. Mimi naona alikuwa na haki.

30 Machi

Sikukuu iko mlangoni. Hakuna kazi wiki hii.

19 Aprili

Masika. Umeme unakatika, nasi tumeiacha kompyuta na kurudi kwenye karatasi. Chini ya kabati nimekuta daftari la hesabu lenye kurasa zilizojaa kilo na kilomita. Nilimwomba Profesa anieleze, akachukua chaki na kuandika kwenye sakafu ya baraza.

Mpagazi anabeba kilo 25. Anatembea kilomita 20 kwa siku, naye ni mtu, anakula kilo moja kwa siku. Jeshi liko kilomita 200 kutoka ghalani. Siku kumi za kwenda na kumi za kurudi, amekwisha kula kilo 20 za mzigo wake. Zinazofika ni kilo 5. Askari 1,000 wanahitaji kilo 1,000 kila siku. Basi lazima wapagazi 200 wafike kila siku inayopambazuka, na kwa kuwa safari ya kila mmoja ni siku 20, wanahitajika watu 4,000 njiani wakati wote, kulisha 1,000. Hapo hakuna risasi, hakuna dawa, hakuna mgonjwa.

Akafuta 200 akaandika 240. Siku 12 za kwenda, 12 za kurudi. Mpagazi anakula kilo 24, inafika kilo moja. Sasa wanatakiwa 24,000.

"Kilomita arobaini tu, mwanangu."

Nilikaa nikizitazama zile namba. Wanyama wasingesaidia, kwa kuwa mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Barabara za magari zilikuwa chache na mvua ilizimeza. Njia ya kutoka katika hesabu hii ilikuwa moja: mpagazi asile mzigo, ale cha vijiji anavyopita. Au asile. Yote mawili yalitendeka. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na watu, mvua ilipokosekana ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920, na inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Waingereza peke yao walichukua takribani watu milioni moja kubeba na kufanya kazi katika vita vile vya Afrika Mashariki, na takwimu zao wenyewe zinataja vifo zaidi ya 90,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga usioiva uliopikwa haraka mvuani na watu waliochoka.

Jasini nako kuna kadi yake. Pale mpakani, Januari 18 na 19 mwaka 1915, Wajerumani walishinda na ngome ya Wahindi ikajisalimisha, lakini ushindi ule ulitumia risasi 200,000, na Lettow-Vorbeck akaona hawezi kurudia mapambano ya namna ile zaidi ya mara tatu. Kuanzia hapo vita vikawa vya kukwepa. Wasomaji wengi huona ujanja wa jemadari. Profesa anaona ghala linaloisha, na sioni namna ya kumpinga.

11 Mei

Tumefika kwenye sanduku la bati la kijani. Juu limeandikwa MAJINA.

Ndani kuna madaftari ya majina ya wapagazi, yamepangwa kwa vijiji. Kila jina lina nafasi tano: baba yake, kijiji, alichukuliwa na upande gani, nani ametoa habari, na kilichompata. Nafasi ya mwisho mara nyingi ina neno moja, "hakurudi". Ameyakusanya kwa miaka mingi, kidogo kidogo, kila alipokwenda kwa utafiti mwingine, hata msibani. Hajawahi kuchapisha hata ukurasa.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema sheria aliyowawekea wanafunzi juu ya Meinertzhagen ni sheria yake pia. Jina lenye mashahidi wawili ni historia, lenye mmoja linangoja. Na mengi yana mmoja.

Hapa tumebishana, kwa heshima, lakini tumebishana kwa siku kadhaa. Nilimwambia mashahidi wa pili wamekufa, hawaji tena. Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari iliyozinduliwa 1927; maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na halimo jina la mpagazi hata mmoja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakitumikia Uingereza katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Hata mishahara ya wapagazi waliokufa, iliyobaki bila kuchukuliwa na jamaa zao, ilibishaniwa miaka mingi baada ya vita. Kama waliokuwa na orodha hawakuziweka, na Profesa anayo iliyotoka vinywani mwa jamaa zao, ikingoja shahidi wa pili itangoja hadi lini?

Akajibu kwamba jina la uongo likiingia, adui wa kazi hii atalishika hilohilo na kuyakataa yote. Na hofu yake si ya bure. Anajua wapo waliojitajia babu mpagazi kwa kutumaini fidia, kama ambavyo watu walikuja kujitokeza mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai, na wasio na vyeti ikabidi wapimwe kwa njia nyingine.

Mama ndiye aliyetukata. Alikuwa anachambua mchele pembeni siku zote zile. "Kwani karatasi haina nafasi ya kuandika shahidi ni mmoja?"

25 Mei

Tumekubaliana. Majina yote yatachapishwa. Yenye shahidi mmoja yatawekewa alama, na mbele yake ataandikwa aliyetoa habari, uhusiano wake na mhusika, kijiji na mwaka wa mahojiano, na namba ya kaseti kama ipo, ili anayetaka kusikia asikie mwenyewe. Jina ambalo mtoa habari alisitasita, hilo litabaki sandukuni. Profesa ataandika utangulizi mfupi wa namna alivyohoji. Ameniomba orodha itangulie, kabla ya maelezo yoyote juu ya kazi yake. Nimekubali bila kusita.

Ameanza pia kuipitia mwenyewe kila jioni, akisoma kwa sauti, kwa sababu anasema jina lililokosewa herufi linasikika kabla halijaonekana. Leo alisimama kwenye jina la mtu wa Amboni, akasema baba wa huyu hakuitwa hivi, akaenda kutafuta kaseti. Tuliisikiliza. Alikuwa sahihi.

14 Juni

Hali ya kazi. Kadi zote zimepigwa picha na zimeorodheshwa. Kaseti zinazochezeka zimenakiliwa; zilizogandana kabisa tumezitenga kwenye mfuko mkavu hadi tupate mtaalamu. Ramani bado. Barua za Kiingereza alizoandikiana na watafiti wa nje zimepangwa kwa miaka, ila hatutazifungua kwa umma hadi wenye barua au jamaa zao waridhie. Madaftari ya majina yanachapwa, vijiji vya Muheza na Pangani vimekwisha, Korogwe inaendelea.

Maelezo ya kazi yake nimeyaandika hadi kwenye uzamili. Sura inayofuata ni juu ya askari na wake zao, mada aliyoishika katika miaka yake ya mwisho ya kufundisha: familia zilizoandamana na jeshi, wanawake waliopika, walioliwaza, waliozaa njiani, na ambao bila wao jeshi lile lisingedumu. Amenipa kopo zima la kadi na kuniambia nisilifanye fupi.

Wiki ijayo tunakwenda Mkinga, hadi Jasini, kuwasomea wazee wa huko majina ya kwao kabla hayajaenda mtamboni. Aliye na babu au bibi aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita vile, kutoka Tanga, Pangani, Muheza, Korogwe, Lushoto au Handeni, atuletee jina lake, jina la baba yake, kijiji, na jina la aliyemsimulia. Na kama kuna shahidi wa pili aliye hai, tuambieni aliko, tutamfuata.